Wanafunzi wangu wanapika vipimo vya mvua. Nifanyeje?

MwalimuMasika

Habari za majukumu wakuu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, wilaya ya Muheza, Tanga. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Nina jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita na sioni pa kuliulizia pale shuleni bila kuwachongea watoto, ndiyo maana nalileta hapa.

Kidato cha kwanza wana mada ya hali ya hewa. Miaka yangu mitatu ya mwanzo niliifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Nachora kipimamvua ubaoni, nachora kipimajoto, nachora kile kisanduku cheupe chenye miguu minne kinachowekwa vipimajoto, watoto wananakili, tunaandika sifa zake, tunahamia mada nyingine. Mwaka jana kwenye jaribio niliuliza kwa nini kisanduku kile hupakwa rangi nyeupe. Karibu darasa zima walipata. Siku mbili baadaye nikamkuta mmoja wa waliopata alama zote amesimama kwenye bodaboda iliyoachwa juani, anaruka kwa sababu kiti kimemuunguza. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini kiti hiki kina moto hivi na ile ndoo nyeupe pale haina?" Akafikiri, akasema, "Kwa sababu kiti ni cha ngozi, mwalimu." Hakuunganisha kabisa na alichokiandika kwenye karatasi yangu.

Nilikosa usingizi siku ile. Mwaka huu nikaamua tunapima wenyewe, kuanzia mvua, maana masika ilikuwa inakaribia na kipimo chake ni rahisi kutengeneza. Tulichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukaikata pale inapoanza kubana, ile sehemu ya juu tukaipindua ikawa faneli. Chini tukaweka kokoto na maji kidogo hadi usawa wa mstari wa sifuri, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde. Rula ya plastiki tukaifunga kwa gundi ubavuni. Tukachimbia nguzo mbali na majengo na ile miembe, tukazungushia vijiti kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Mkuu wa shule alitoa hela ya kaunta buku na gundi, namshukuru. Wanafunzi ni 94. Nikawapanga zamu za wanne wanne, saa tatu kamili asubuhi, kila siku, na Jumamosi na Jumapili wanakuja wale wanaoishi karibu.

Kwa kweli ilipendeza. Watoto ambao darasani hawafungui mdomo walikuwa wanabishana kama maji yasomwe kwenye ukingo au katikati pale yanapobonyea. Mmoja alikuja kuniuliza kama umande unahesabika. Baada ya wiki tatu wakachora grafu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu, nikawasifia mstarini.

Sasa hapa ndipo penye tatizo. Ijumaa jioni mpira ulipiga kile kipimo, chupa ikapasuka. Nikaichukua nyumbani niitengeneze. Jumamosi nikaenda msibani, Jumapili nikasahau. Jumatatu asubuhi nimebeba chupa mpya kwenda kuifunga, napitia kwanza kaunta buku. Jumamosi: milimita 6. Jumapili: milimita 3.5. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na majina ya waliosoma yapo.

Chupa ilikuwa jikoni kwangu, kando ya pipa la maji, imepasuka hadi chini.

Nikakaa pale kwenye jiwe nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Jumapili zote zimejazwa. Namba nyingi zinaishia na 0 au 5. Siku moja ninayoikumbuka vizuri, kwa sababu nguo zangu zililoa kambani, imeandikwa 0. Ile grafu ukutani sijui hata nusu yake ni mvua au ni kalamu.

Sikumchapa mtu. Nilimwita mmoja wa wale wa Jumamosi, binti mtulivu sana, nikamuuliza taratibu. Akalia. Akasema, "Mwalimu, ulisema jedwali lililojaa lina alama tano. Na tukiacha wazi tuliogopa fimbo." Na ni kweli, nilisema hivyo. Niliandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe: jedwali kamili, alama 5.

Nawauliza wenye uzoefu. Nifanye nini ili waandike walichokiona na si kinachonifurahisha mimi? Je, nizifute zile takwimu zote? Na kuna mwenzangu ofisini ananiambia hii ndiyo sababu yeye hafanyi vitendo, watoto wetu watapika tu. Mimi sikubali, lakini sina jibu la kumpa.

Nawasilisha.

---

Mzee wa Saa Tatu

Binti yangu, pole, na hongera. Mimi nimestaafu. Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa, nilianza kazi hiyo kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika 1977, na nimesoma kipimamvua saa tatu asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini, siku za Idi na Krismasi zikiwemo. Jina ninalotumia hapa limetokana na hilo.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu wanafunzi wako. Watu wazima wenye mshahara walikuwa wanapika. Tulipokea madaftari ya mvua kutoka mashamba ya mkonge, misheni, shule na vituo vya polisi, na kazi yangu moja wakati fulani ilikuwa kuyapitia. Namba zinazoishia 0 na 5 ndizo tulizoanza nazo. Mvua haijui rula yako ina mistari wapi, kwa hiyo kwenye daftari la kweli utakuta 3.2, 11.7, 0.4, zimechanganyika tu. Cha pili tulichoangalia ni manyunyu. Mtu anayepika huwa anakumbuka mvua kubwa na anasahau yale manyunyu ya 0.3 yasiyolowesha hata shati. Ukiona mwezi mzima wa masika hauna hata siku moja ya manyunyu, ujue mpimaji alikuwa kitandani.

Sasa kuhusu siku ambazo hakuna aliyekwenda kusoma. Hili lina utaratibu wake na ufundishe hivi hivi. Kama Jumamosi na Jumapili hakuna aliyekuja, Jumatatu utakuta maji ya siku tatu kwenye chupa. Usiyagawe kwa tatu. Kamwe. Andika jumla yote kwenye mstari wa Jumatatu, kisha chora mabano upande wa kushoto yashike mistari yote mitatu. Anayesoma daftari miaka 40 baadaye ataelewa kwamba milimita zile ni za siku tatu, na jumla ya mwezi itabaki sahihi. Na kama kipimo kilivunjika, kilimwagika au kiliibiwa, weka kistari na uandike pembeni kilichotokea. Sifuri si kistari, binti yangu. Sifuri maana yake nilikwenda, nikatazama, hakukuwa na kitu. Kistari maana yake sijui. Nimewahi kurudisha daftari zima la mwaka kwa sababu mtu alichanganya hivyo viwili.

Ukiweza kuwafundisha hilo moja tu, watakuwa wamepita vijana wengi niliowapokea kazini wakiwa na vyeti.

Chupa yako ina kasoro moja. Chupa za maji zina mikunjo ubavuni, kwa hiyo rula inakudanganya kidogo kila penye mkunjo. Tafuta faneli ya plastiki ambayo mdomo wake una kipenyo cha sentimita 11.3. Eneo lake linakuwa sentimita za mraba 100. Iweke juu ya kidumu chochote, asubuhi mimina maji kwenye bomba la sindano jipya la duka la dawa, usome mililita. Kila mililita 10 ni milimita 1 ya mvua. Mwalimu wa Hisabati awaonyeshe kwa nini, ni hesabu ya duara tu. Sisi tulitumia chenye mdomo wa inchi tano, na chupa yake ya kioo ilikuwa imechorwa tayari kwa ajili ya mdomo huo. Kwa chombo hiki cha kwako wataona wenyewe mistari ile inatoka wapi.

---

BabaNeema

Mwalimu, mimi ni mzazi na nitasema ukweli hata kama hautapendeza. Binti yangu yuko kidato cha pili, ana upimaji wa taifa mwaka huu. Mtihani haumuulizi Jumapili ilinyesha milimita ngapi kijijini kwenu. Unamuuliza kilichomo kwenye silabasi. Mimi nilisoma miaka ya themanini. Elimu ya Kujitegemea aliiandika Mwalimu Nyerere 1967, maneno mazuri sana, lakini shuleni kwetu ilikuwa ni jembe kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetueleza kwa nini tunapanda mahindi kwa nafasi ile. Tuliita vitendo. Nikisikia mwalimu anasema vitendo, ninaona lile shamba. Sisemi wewe ni mbaya. Nasema muda wa mtoto ni mdogo.

---

MwalimuMasika

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma jibu lako mara tatu na nimeliandika kwenye daftari langu la maandalizi. Lile la sifuri na kistari sikulijua. Nilisoma Jiografia chuo kikuu na sikuwahi kuambiwa.

Baba Neema, nimekuelewa na wala sijakasirika. Hata mama yangu amenisimulia hilo shamba. Naomba nikuambie tulichofanya Alhamisi ili uone kama ni kitu kile kile.

Nilileta makopo mawili ya maziwa ya unga, matupu. Moja tulilipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye madirisha, jingine tukalipaka masizi ya sufuria. Tukaweka maji sawa, tukafunika, tukayaweka juani saa nne. Kila baada ya dakika kumi mtoto mmoja anachovya kipimajoto, mwenzake anaandika. Ilipofika saa tano na nusu lile jeusi lilikuwa limelipita jeupe kwa nyuzi 7. Hakuna niliyemwambia chochote. Yule kijana wa kiti cha bodaboda yuko kidato cha pili sasa, alikuwa anapita kwenda chooni, akasimama. Akatazama makopo, akatazama bodaboda ya mwalimu wa michezo pale chini ya mti. Akasema, "Kumbe ndiyo maana wameiweka kivulini."

Swali la kisanduku cheupe limo kwenye silabasi, Baba Neema. Lilichukua vipindi viwili. Ubaoni lilikuwa linachukua kimoja, na kuna mwaka mzima ambao nilidhani nimelifundisha.

---

Mtumwa wa Fizikia

Mwalimu, umegusa kidonda. Nafundisha Fizikia, nimezunguka shule nne. Huku kwetu kupika data ni ujuzi unaorithishwa. Kidato cha nne wanawafundisha kidato cha tatu.

Chukua jaribio la pendulamu. Uzi, jiwe, saa. Kila mtoto anajua kabla hajashika uzi kwamba jibu, yaani kiwango cha mvutano wa dunia, ni 9.8. Basi anaanza na 9.8, anarudi kinyumenyume, anatunga muda wa mibembeo 20 unaoleta jibu hilo, anatia makosa madogo mawili matatu ili ionekane kweli. Wapo wanaoandika vipimo vyote bila jiwe kubembea hata mara moja, na wanapata alama kuliko yule aliyepima kweli akapata 9.3 kwa sababu uzi wake ulivutika. Huyu wa 9.3 sisi walimu tunamwandikia nini kwenye karatasi? Tunaandika rudia. Amejifunza nini? Kwamba macho yake yamekosea na kitabu kimepatia, na safari nyingine asiamini macho yake.

Mimi niliacha kuuliza swali ambalo jibu lake liko kwenye kitabu. Nyuma ya darasa letu kuna mwembe. Nilipanda, nikafunga uzi kwenye tawi, chini nikaning'iniza kufuli. Wanafunzi wako chini hawafiki kwenye tawi. Swali: tawi lina urefu gani juu ya kufuli? Hakuna ngazi, hakuna kupanda, kuna saa tu. Wakabembeza, wakahesabu mibembeo 20, kundi moja likapata sekunde 70, jingine 71, jingine 64. Kwa sekunde 70 ni sekunde 3.5 kwa mbembeo mmoja, ukiweka kwenye kanuni ya pendulamu inayounganisha muda na urefu wa uzi unapata mita 3 na kama sentimita 4. Lile la 64 lilipata mita mbili na nusu na ushee. Wakabishana vikali. Hakuna aliyeweza kupika kwa sababu hakuna aliyejua jibu, hata mimi nilikuwa sijapima.

Kisha nikampandisha kijana mmoja na futikamba. Mita 3.02.

Kundi la 64 hawakuniuliza wamepata alama ngapi. Walirudi kwenye uzi wenyewe, wakagundua walikuwa wanahesabu "moja" pale wanapoachia kufuli. Kwa hiyo walikuwa wamepima mibembeo 19, si 20. Ukifanya hesabu, 19 mara 3.5 ni 66 na nusu, na kubonyeza saa kwa kuchelewa kukala iliyobaki. Nimefundisha miaka tisa, sijawahi kuona mwanafunzi anatafuta kosa lake mwenyewe kwa furaha kama siku ile.

Kwa hiyo mwambie mwenzako wa ofisini kwamba watoto wanapika pale tunapowapa sufuria iliyokwisha kuchaguliwa chakula. Mvua ni nzuri kwa sababu hakuna anayejua jibu. Ila wewe uliwapa jibu jingine bila kujua: jedwali lililojaa.

---

mwalimu_kilifi

Salamu kutoka Kilifi. Sisi huku Kenya tuko ndani ya mtaala wa umilisi, watoto wa kwanza waliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na sehemu ya alama inatokana na kazi za mradi shuleni. Tatizo lenu tunalo, limevaa nguo nyingine tu. Mtoto anapewa mradi Ijumaa, Jumatatu analeta kitu kilichotengenezwa na fundi, mzazi amelipa. Ninachofanya mimi ni kwamba kazi haitoki nje ya uwanja wa shule, na daftari la mradi nalisahihisha, kitu chenyewe sikipi alama. Nataka kuona mistari iliyokatwa. Daftari safi kabisa linanitia shaka.

---

BabaNeema

Mwalimu, nimesoma lile la makopo. Sikujua ndivyo mnavyofanya. Nimemuuliza Neema jana usiku kwa nini kisanduku ni cheupe, akanijibu kwa Kiingereza sentensi nzima bila kosa. Nikamuuliza inamaanisha nini. Akanyamaza. Nitakuja shuleni kwao kuongea na mwalimu wake, kwa wema. Hayo makopo ni ya gramu ngapi?

---

MwalimuMasika

Ya gramu 900, Baba Neema, lakini lolote litafaa mradi yote mawili yalingane. Usisahau vifuniko, bila vifuniko upepo unaharibu.

Nimerudi na taarifa baada ya wiki tano. Nisameheni, kulikuwa na mitihani ya ndani na mtandao huku mvua ikinyesha unapotea.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa ile grafu ukutani. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa sababu niliahidi alama kwa jedwali lililojaa. Kukawa kimya sana. Sijui kama waliwahi kumsikia mwalimu anasema hivyo, mimi nilipokuwa mwanafunzi sikusikia. Zile kurasa sikuzichana. Tulipiga mstari wa kalamu nyekundu ukingoni mwa kila ukurasa, tukaandika "haijathibitishwa", wenyewe walichagua hilo neno. Kisha nikawasomea maneno ya mzee kuhusu sifuri na kistari, neno kwa neno kutoka kwenye simu.

Alama sasa ziko hivi: anayeandika kistari na sababu yake anapata sawa na anayeandika namba. Jina la msomaji na la shahidi lazima yawepo. Basi.

Faneli nilipata kwenye duka la vyombo, mdomo wake ulikuwa sentimita 12 na kidogo. Wanafunzi wakaanza kuhangaika kuikata kwa msumeno wa chuma ili ifike 11.3, hadi mmoja akasema si lazima tuikate, tukokotoe eneo la hii hii. Wakapata kwamba kwetu milimita moja ni karibu mililita 11 na nusu. Wakachora kikaratasi cha kubadilishia wakakibandika ndani ya jalada la kaunta buku. Mwalimu wa Hisabati alikuja kuangalia, akaondoka na kile kikaratasi kwenda nacho kidato cha pili.

Jumatatu ya kwanza nilikwenda kufungua daftari moyo unanidunda. Jumamosi: 8.3, majina mawili. Jumapili: kistari. Pembeni, kwa mwandiko wa yule binti aliyelia: "Sikuja. Mdogo wangu alikuwa anaumwa, nilimpeleka zahanati." Jumatatu: 21.9, na mabano yanashika Jumapili na Jumatatu. Yalichorwa vibaya, yamepinda kama ndoano. Nilifunga daftari nikakaa kidogo kabla ya kuingia darasani.

Mzee, nina swali lako sasa. Kuna kijana anatoka juu, njia ya kwenda Amani, anashuka kila siku. Aliomba kidumu cha pili akakifunge kwao. Kwa wiki tatu za kistari na namba za kweli, kwao walipata milimita 203 na sisi hapa chini 118. Nilifurahi sana, kwa sababu mvua ya milima ilikuwa mchoro tu: upepo wenye unyevu unatoka baharini, unapanda mlima, unapoa, unanyesha. Sasa wanayo namba yake, na kila mtoto ameiona milima ile ya Usambara Mashariki tangu azaliwe. Lakini Jumatano moja hapa shuleni tulipata 12.4, na kule juu kijana ameandika 0. Si kistari, ni sifuri. Shahidi ni baba yake. Darasa lote likamgeukia kwamba amepika. Yeye akasimama imara, akasema, "Nilikwenda, nikatazama, hakukuwa na kitu." Nikamwamini. Lakini wakaniuliza kwa nini, na kitabu kinasema juu ndiko kunakonyesha zaidi. Niliwaambia sijui, nitauliza.

---

Mzee wa Saa Tatu

Marahaba, binti yangu. Mwambie kijana huyo kwamba namwamini na mimi.

Kitabu kinasema juu ya mwezi na mwaka. Hakisemi juu ya Jumatano. Jua likichoma ardhi asubuhi, hewa ya bondeni inapanda na kufanya wingu lake mwenyewe, linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Linanyesha pale lilipo, alasiri, kwa kishindo, jirani hapati tone. Nimewahi kuona upande mmoja wa uwanja wa ndege umelowa na upande wa pili vumbi linapaa. Mvua ile ya milima inayoletwa na upepo wa bahari huwa ya utulivu na ya muda mrefu, mara nyingi usiku au alfajiri. Ni mvua mbili tofauti zinazoingia kwenye chupa moja.

Mkitaka kuzitenganisha, ongezeni safu moja kwenye daftari: saa ilipoanza na saa ilipokatika. Usiku wakikadiria waandike "usiku", wasitunge saa. Baada ya miezi miwili mpangeni mvua za alasiri peke yake na za usiku peke yake, kwa vituo vyote viwili, kisha mlinganishe.

Na ile mvua mliyoisoma Jumatano asubuhi, je, kuna anayekumbuka ilinyesha saa ngapi?

---

MwalimuMasika

Jumanne, saa tisa na robo alasiri. Walikuwa kwenye usafi wa mazingira, walikimbilia barazani na mafagio yao. Nimewauliza leo, karibu wote wanakumbuka.

Safu imechorwa.